Mtoro Hafiki Mumias kwa Kukimbia

SWALI: Salamu Mzee, kutoka Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya. Shujaa wangu ni Myao, mtu wa kabila la Wayao wa upande wa Ziwa Nyasa, mtumwa wa shamba la Malindi, anayetoroka mwaka 1875. Anafuatwa na mwindaji wa watumwa, mtu katili mwenye farasi na mbwa wawili, usiku na mchana, kupitia nyika ya Taru, Naivasha na hapa kwetu Nakuru mpaka Mumias, ambako wanapambana mara ya mwisho. Wenzangu wawili waliosoma rasimu wanasema haiwaingii akilini, lakini hawawezi kunieleza kasoro iko wapi. Je, safari kama hiyo ingewezekana? Na huyo mwindaji nimfanyeje?

JIBU: Mwalimu, sura tatu ulizonitumia nimezisoma hapa Kisumu kwa siku mbili, kalamu nyekundu mkononi, ugonjwa niliostaafu nao. Wenzako wameona vizuri. Safari yenyewe inawezekana. Kisichowezekana ni kukimbizana.

Nianze na mbwa, maana ndio walionichosha. Najua ulikowatoa: Marekani. Kule sheria ya mwaka 1850 ilimruhusu mwenye mtumwa kumfuata hata ndani ya majimbo yasiyokuwa na utumwa, na walikuwepo watu ambao kazi yao ya kula ilikuwa hiyo hiyo, wenye farasi, mbwa wa kunusa nyayo na matangazo ya zawadi magazetini. Mtoro wa kule alielekea kaskazini, akiweza mpaka Kanada. Sinema zimetutia picha hiyo kichwani kiasi kwamba tukisikia neno "mtumwa" tunasikia na kubweka.

Sasa mtazame bwana wa Malindi. Ni Mwarabu au Mswahili, Mwislamu, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Shamba lake ni la mtama, ufuta na minazi, na mji wenyewe ni mpya: Malindi ilikuwa gofu mpaka Sultani Majid alipoleta watu kuifufua mnamo 1861. Farasi wa kwenda naye bara hana, na angekuwa naye mbung'o wangemmaliza kabla hajafika mbali. Mtu wake akitoroka, haruki juu ya farasi. Anakaa barazani, anaagiza kahawa, anaulizia nani ana ndugu upande wa Giriama.

Hapo ndipo riwaya yako inapoanzia, Mwalimu, lakini wewe umeshapita mbio na mbwa wako.

Watu wa pwani na Wamijikenda walikuwa wakifanyiana biashara vizazi na vizazi: nafaka, pembe, sandarusi, kwa vitambaa. Walikuwa na maswahiba, wengine wamechanjiana chale wakala undugu. Mtoro aliyeingia nyika hakuingia pori tupu, aliingia nchi ya watu waliokuwa na hesabu zao na bwana wake. Mzee wa kaya, yaani kijiji cha Wamijikenda, angeweza kumpa mtoro maji, akampa na kazi ya kulima msimu mzima, kisha siku moja bwana akaja na majora mawili ya merikani, kitambaa cheupe cha pamba, na jora la kaniki, kile cheusi, mambo yakaisha. Mzee mwingine, kaya ya pili tu, angempa mtoro mke na shamba asimtoe kwa lolote. Mtoro hana namna ya kujua amegonga mlango upi. Ukitaka msomaji wako aogope, mpe hicho. Usiku anaolala kwa wema wa mtu bila kujua bei yake imeshatajwa ni mrefu kuliko usiku wa kufukuzwa.

Mwindaji wako basi hana sare wala upanga mrefu. Anaweza kuwa mwenyeji wa pale anayedaiwa. Anaweza kuwa mtumwa mwenzake, maana mabwana wakubwa waliwapa watumwa wao wanaowaamini magobore wakawatuma kazi kama hizo. Anaweza hata kuwa mtoro. Hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa hiyo nikae nalo kidogo.

Watoro wa pwani yetu hawakuwa mtu mmoja mmoja tu. Walijenga vijiji. Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, kilikuwa kimoja, na ndani yake walikaa watoro pamoja na Wagiriama waliokuwa wameupokea Ukristo, mpaka wenye watumwa wa pwani wakakivamia. Wengine walikwenda kaskazini mpaka bonde la Juba, wakaanzisha makazi ya Gosha. Na wengi walikimbilia Witu kwa Sultani Ahmed, yule aliyeitwa Simba, adui wa Sultani wa Unguja. Simba aliwapokea wote. Aliwapa silaha pia, na watu hao hao waliokimbia jembe wakarudi kuyavamia mashamba ya bara ya Lamu na kuteka watu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mtoro mwaka 1870 anaweza kuwa mtekaji mwaka 1880 bila kubadilisha shati. Waingereza walipoichoma Witu mwaka 1890 hawakuchoma kijiji cha malaika wala cha mashetani. Nimeona waandishi wetu wengi wakiikwepa Witu kwa sababu haitoi shujaa safi. Mimi naona ndiyo sababu ya kuiandika.

Ukiniuliza maoni yangu, kosa la rasimu yako ni hilo kubwa: umemgawa mwindaji na mwindwa kama timu mbili za mpira, kila mmoja na jezi yake. Pwani ya Kenya jezi ilikuwa moja.

Sasa tuje huku kwetu. Mtoro wako hawezi kutoka Malindi akakimbia peke yake mpaka Mumias. Taru haina maji, na mbele ya Taru kuna nchi za watu wasiomjua. Lakini anaweza kufika kwa njia waliyofika wenzake wengi, chini ya mzigo. Misafara ya pwani ilihitaji wapagazi kila mwaka. Mabwana walikodisha watumwa wao kwa misafara wakachukua sehemu nzuri ya ujira. Waungwana walijiandikisha. Na katikati ya mamia ya watu wenye majina kama Juma, Mabruki na Feruzi, mtoro mmoja akisema naye anaitwa Feruzi, nani atampinga? Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu: merikani, shanga, waya. Akiubeba mpaka mwisho anapata posho, ulinzi wa bunduki za wenzake, na jina jipya ambalo watu mia mbili wamelizoea.

Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakifika Wanga, ule ufalme wa Waluhya wenye makao Mumias, tangu enzi za Nabongo, yaani mfalme, Shiundu, ndiyo maana Mumias kwenye maandishi ya wakati ule inaitwa Kwa Sundu. Waliifuata pembe kwanza. Watu waliwateka pia, hasa majirani wa Wanga, lakini usiifanye Mumias soko kuu la watumwa kama ulivyofanya katika sura ya tisa. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, sehemu ya safari akiwa na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alikuta mji unaojua bei za pwani, na Mumia ndiye aliyekuwa amekalia kiti cha baba yake. Na ona ugumu unaompata mtu wako hapo: amejificha katika msafara wa pembe, kiongozi anaamua kuvamia kijiji, na jioni anakabidhiwa gobore achunge mateka. Atasema nini? Akikataa wataanza kumtazama vizuri. Ukurasa huo nisingependa uuruke.

Nakushauri pia uhamishe mwaka. 1875 una faida moja. Mkataba wa Juni 1873 ulifunga soko la Unguja na kuzuia kusafirisha watumwa kwa bahari, wafanyabiashara wakawapitisha nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, mpaka Sultani Barghash alipopiga marufuku hiyo nayo mwaka 1876. Kwa hiyo Myao wako huenda alifika Malindi kwa miguu, na anajua kutembea na njaa. Liweke hilo kama kumbukumbu yake. Lakini kisa chenyewe kipeleke 1885, na nitakuambia kwa nini.

Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai, kituo cha misheni nyuma ya Mombasa, na wapagazi zaidi ya 200 kwenda Uganda kwa njia ya Umaasaini, njia inayopita Bonde la Ufa kwenu huko. Msaidizi wake mkuu alikuwa mchungaji William Jones. Huyu Jones alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na kusomeshwa India pamoja na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, kisha akarudi kuhudumu Rabai, na ni mmoja wa watu walioifanya Rabai iwe mlango wa watoro. Walipofika Kwa Sundu, askofu akachagua watu kama hamsini akaendelea nao. Jones akabaki na msafara, akingoja. Oktoba hiyo Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu watu wake wote pamoja naye. Wanne tu ndio waliorudi na habari. Jones akawarudisha waliobaki mpaka Rabai mapema 1886, mbele yao bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, lile la Biblia, yaani utukufu umeondoka.

Umeona, Mwalimu? Mtumwa wa zamani, Myao kama shujaa wako, amekaa Mumias wiki kadhaa akiongoza watu zaidi ya mia na hamsini, hajui aliyemtangulia kama yu hai. Wewe ulikuwa unatafuta kwa tochi jambo lililolala mezani.

Mweke mtoro wako humo. Ametoroka Malindi miaka miwili nyuma, amefika Rabai, amelima kipande cha ardhi cha misheni. Lakini Rabai si salama, maana wakubwa wa misheni walitakiwa kutopokea watoro: mbele ya sheria ya Sultani mtumwa alikuwa mali halali, na Uingereza kwa wakati ule haikutaka kumkasirisha Sultani. Usiwapake wamisheni rangi nyeupe tupu. Freretown, ile iliyojengwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa, msimamizi wake alishutumiwa mwaka 1881 kwa kuwatandika watu viboko. Mtu aliyeacha fimbo Malindi akaikuta misheni ana jambo la kuwaza anapoona msafara unaandikisha. Ukifika Mombasa, kengele yao bado ipo, na mahali panaitwa Kengeleni. Matatu zinapita hapo siku nzima na utingo anataja jina bila kujua anataja nini.

Na mwindaji? Naye ni mpagazi. Ni mtumwa wa kukodishwa, bwana wake ni jirani wa bwana wa mtoro, na kabla ya kuondoka ameambiwa jambo moja: tazama kama fulani yumo. Hana pingu wala bunduki. Kazi yake ni kuona, kurudi na kusema. Wanabeba mizigo pamoja, wanakula chungu kimoja, mmoja anamkanda mwenzake mguu uliovimba huko Naivasha. Kila mmoja anajua, au anadhani anajua. Umbali wa kukimbizana kwako wa kilomita mia kadhaa unakuwa umbali wa upande mmoja wa moto mpaka wa pili, kwa miezi mitatu. Nakuru unaweza kuiacha pale pale ilipo: ziwa, ndege na magadi miguuni. Mji haukuwepo.

Utaniuliza atamtambuaje. Kwa mwili. Hapa rasimu yako ni masikini, na ndipo palipo na utajiri. Myao alikuwa na chale zake, Mmakua zake, na mwanamke wa Kimakonde alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti, mdomoni. Watu wa pwani walisoma nyuso hizo kama sisi tunavyosoma namba za gari. Nguo nazo zilisema. Mtumwa hakupaswa kuvaa viatu wala kofia mbele ya mabwana, kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho watoro wengi walitamani si shamba, ni kanzu na kofia. Mpe mtu wako kofia kuukuu iliyofumwa vibaya, aivae hata usiku, na mwenzake aijue sababu.

Kisha siku Kwa Sundu, habari mbaya zimefika na watu wamechanganyikiwa, mtoro anaamua kutorudi. Anatoroka tena, safari hii kuelekea kusini, Ugenya. Huku ninaweza kukusaidia kuliko huko pwani, maana ndiko tulikozaliwa. Mjaluo hakuwa na haja ya kumwuliza mgeni "wewe ni mtumwa wa nani". Alimwuliza, "In wuod ng'a?" Mwana wa nani wewe? Myao hana jibu. Tena anafungua mdomo na meno sita ya chini yote yapo, mtu mzima, jambo la kuchekwa na watoto katika nchi ambayo kila mtu ameng'olewa. Kama amelelewa katika Uislamu wa pwani ametahiriwa, na hilo kwa Wabukusu lingempa heshima kidogo ila kwa Wajaluo ni ajabu nyingine. Hafukuzwi lakini. Wajaluo wana neno jadak, mgeni anayekaribishwa kukaa na kulima ardhi ya ukoo usio wake. Waluhya wana abamenya kwa hali inayofanana. Jadak analima, anaoa akijaliwa, anazika wenyeji. Ila katika ugomvi wowote wa mpaka wanawe na wajukuu watakumbushwa kwamba walikuja. Ukikaa kwenye baraza la chifu huku kwetu hata leo utalisikia neno hilo likirushwa kama jiwe.

Lipo na neno misumba, kali zaidi, la mtu asiye na watu wake mwenyewe, aliyewekwa chini ya mwenye boma. Kati ya jadak na misumba kuna uzi mwembamba, na shujaa wako atautembea huo uzi maisha yake yote. Usimwite huru haraka.

Maneno ya pwani nayo yarekebishe. Hakuna "mfanyakazi wa shamba" Malindi. Kuna mtumwa na mjakazi. Kuna mshenzi, aliyeletwa karibuni kutoka bara, na mzalia, aliyezaliwa pwani na kujiona bora. Kuna mjoli, mtumwa mwenzako wa bwana mmoja, neno lenye upendo na husuda kwa pamoja, na mwindaji wako angelitumia kwa mafumbo. Kazi ilipimwa kwa ngwe, kipande cha shamba cha kulimwa, na nyapara, msimamizi, ndiye aliyeipima. Siku za mapumziko zilikuwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo acha kumpumzisha mtu Jumapili. Kibarua kilikuwa kikaratasi kabla ya kuwa mtu anayengoja kazi asubuhi pale Kibuye. Na mtoro lilikuwa neno la kutisha kabla sisi walimu hatujalichukua kuwaandikia watoto wasiofika darasani. Kila ukiliandika kwenye rejista, simama kidogo.

Wanawake umewasahau kabisa, ila yule mmoja anayelia. Suria aliyemzalia bwana wake mtoto alijua kwamba mtoto ni huru kisheria na yeye mwenyewe atakuwa huru bwana akifa. Akitoroka anaacha yote mawili. Wapo waliobaki kwa hesabu hiyo, si kwa woga, na mke wa shujaa wako angeweza kuwa mmoja wao. Hebu fikiria ndiye aliyemwambia mwindaji jina jipya la mumewe. Sisemi ndivyo ufanye.

Mwisho wako wa ngumi na visu Mumias ufute. Pana mwisho mwingine uliotokea kweli. Mwaka 1888 wenye watumwa wa Mombasa na kandokando walipandwa na hasira, wakidai watu wao waliojificha kwenye vituo vya misheni, na George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kuuendesha ukanda wa pwani, akaona moto utawaka. Akakubaliana nao kuwalipa. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru, na mabwana wakalipwa kama dola 25 kwa kichwa. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali pwani ya Kenya mpaka 1907, na hapo pia fidia walipewa mabwana.

Bwana wa Malindi yumo kwenye msongamano huo, jina la mtoro wake limo kwenye orodha yake, na mtoro hayupo. Yuko Ugenya, anapalilia mtama wa watu. Analetwa shahidi anayemfahamu kwa sura, yule mpagazi wa 1885. Hili sasa ni la kubuni, langu, lichukue bure: mpagazi anapita mbele ya watu waliopangwa, anasimama mbele ya mtu asiyemjua kabisa, mtoro mpya asiye na wa kumtolea hati, anasema, "Ndiye huyu." Bwana analipwa. Karatasi yenye jina la shujaa wako inaingia mfukoni mwa mtu mwingine. Kwa nini mwindaji amefanya hivyo, ni wewe utakayejua ukishaandika ile miezi mitatu ya chungu kimoja.

Sura ya tatu, ya mbwa, ikate yote. Ya nne, mtoro anapolala kwa mzee wa Kigiriama, ina mistari minane mizuri sana ambayo umeipita kwa haraka kwa sababu ulikuwa unawahi farasi, nimeipigia mstari. Likizo ya Agosti panda gari la Mombasa, shuka Mazeras, uingie Rabai, kanisa la zamani lingali pale na makumbusho yapo. Ukirudi anza na sura ya kambi ya Naivasha, si na Malindi, unitumie hiyo peke yake.